Vifaranga 200 vya tilapia kwa bwawa la mita 3 kwa 2? Jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi twakaa Kisauni, Mombasa. Mume wangu amejengesha bwawa la simiti uani, urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80. Ataka kununua vifaranga 200 vya tilapia. Ndani nina tangi la kioo la lita 120 lenye samaki wa mapambo. Tangu mwaka jana hufa kwa vipindi: miezi miwili salama, kisha wanne au watano kwa mpigo, na sababu siioni. Maji yetu ni ya kisima, ya mfereji yakija twatumia hayo. Je, niwahamishie samaki wangu bwawani? Na huyu aliyeniuzia aniambia niandike kila kitu kwenye daftari. Kweli kuna haja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mume wako kwa sababu pesa bado ziko mfukoni. Vifaranga 200 ni wengi mno. Bwawa hilo litieni 18. Mkinunua 20 kwa kuhesabu watakaofia njiani, sawa.

Hesabu yake ni hii. Bwawa lisilo na pampu ya hewa wala maji ya kupita hupimwa kwa ukubwa wa uso wake, maana hewa huingilia juu. Mita 3 kwa 2 ni mita 6 za mraba, na tilapia watatu kwa kila mita ya mraba ni kipimo ambacho bwawa la namna hiyo hukimudu. Serikali ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa mwaka 2009, bwawa la mita 300 za mraba lilitiwa vifaranga 1,000, na ukigawa utapata uwiano unaokaribia huohuo. Najua 18 watakuwa kama hawapo. Vifaranga 200 wa gramu moja moja hawafiki hata robo kilo, na mtu akiwatazama ataona bwawa bado tupu. Lakini idadi hupangwa kwa kuangalia uzito wa siku ya kuvua. Samaki 200 wa gramu 250 ni kilo 50 ndani ya lita 4,800 za maji yaliyosimama. Hawatafika huko: watadumaa wakiwa saizi ya kidole, au watakufa wote usiku mmoja. Hao 18 wakifika gramu 250 ni kilo 4 na nusu, mzigo ambao bwawa litaubeba bila mashine yoyote.

Kinachowaua usiku ni ukosefu wa oksijeni, na joto la pwani hulizidisha jambo hili. Maji baridi ya nyuzi 20 yakishiba hewa hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Mchana ukoga wa kijani huongeza oksijeni, usiku nao huivuta pamoja na samaki, basi saa ya hatari kubwa ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukiwaona wamepanda juu midomo wazi, usiwape chakula asubuhi hiyo. Mwaga maji mapya kwa kuyadondosha kutoka juu ili yachukue hewa.

Mwambie pia anunue madume matupu. Vifaranga wa tilapia wa mchanganyiko huanza kuzaana wakiwa na miezi miwili au mitatu, na jike hulea watoto mdomoni, kwa hiyo wengi hupona. Katika nusu mwaka wale 18 watakuwa mamia, na chakula kilichokusudiwa samaki wa sahani kitalisha umati wa vidagaa. Ofisi ya uvuvi ya kaunti itakuelekeza kwa wazalishaji wa vifaranga madume, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya makao yake makuu ni hapo Mkomani, si mbali nanyi. Kama nia ni biashara, niseme wazi kwamba bwawa la mita 6 halitoshi. Ni bwawa la kitoweo cha nyumbani, na kwa kazi hiyo ni zuri sana.

Kabla ya samaki yeyote, lioshe lile simiti. Simiti mpya hutoa chokaa ndani ya maji na kupandisha pH (kipimo cha asidi au magadi ya maji, 7 ikiwa katikati) hadi 10 au zaidi, na hapo samaki huungua matamvua. Lijaze, liache siku tano au sita, limwage, lisugue, ulijaze tena. Rudia hivyo kwa wiki tatu au nne, mpaka pH ya maji yaliyokaa bwawani ifanane na ile ya maji uliyotia. Nimesema siku tano au sita kwa makusudi. Yai la mbu hufika kuwa mbu kwa wiki moja hadi siku kumi hivi kwenye joto letu, na mji huu umeshaugua vya kutosha. Homa ya chikungunya ya mwisho wa 2017 na mapema 2018 bado watu wanaikumbuka viungoni. Bwawa lililojaa na halina samaki lisikae wiki bila kumwagwa.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani mabwawa mengi na matangi mengi ya Mombasa hushindwa hapa. Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya kisima yakipita humo huwa mazito kwa chokaa, mara nyingi yana munyu kidogo, na pH yake huzunguka 8. Vitabu vingi vya samaki wa mapambo vimeandikwa na watu wenye maji mengine. Amonia ni sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichooza. Kipimo chake, kile cha vichupa na rangi, hupima amonia yote kwa pamoja, lakini sehemu inayoua ni ile amonia huru tu, na sehemu hiyo hukua kadiri pH na joto vinavyopanda. Katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Maji ya joto hilohilo yakiwa na pH 8.2, inafika asilimia 10. Kwa hiyo rangi ileile inayosoma nusu miligramu kwa lita ni salama kwa mtu wa mbali mwenye maji ya pH 7, na kwako Kisauni tayari ni sumu ya kuunguza matamvua. Kwetu kipimo kinachokubalika ni sifuri.

Bwawani jambo hili lina saa yake. Ukoga unapofyonza hewa ya kaboni mchana kutwa, pH hupanda, na alasiri ya jua kali yaweza kugusa 9. Hapo amonia huru ni kama asilimia 40 ya jumla. Basi bwawa la kijani lina hatari mbili katika siku moja: alfajiri oksijeni iko chini, na saa tisa alasiri amonia iko juu. Anayepima mara moja tu, saa nne asubuhi, atapata majibu mazuri kila siku na samaki watamfia vilevile.

Kisima chako kina jambo jingine la kuchunguza. Kiko umbali gani na choo cha shimo, chako au cha jirani? Jiwe la matumbawe lina nyufa, na maji ya chooni hupita humo haraka. Kabla hujawalaumu samaki au chakula, pima amonia na nitrati (kile amonia inachogeuka mwishoni) ya maji yaliyochotwa sasa hivi kisimani, hayajagusa tangi. Ukikuta yana kitu, basi kila unapobadilisha maji ukidhani wasafisha, waongeza sumu. Munyu mdogo wa kisima nao una faida ambayo wengi hawaijui: kloridi iliyo kwenye chumvi huzuia nitriti, sumu nyingine itokanayo na amonia, isiingie kwa wingi kwenye damu ya samaki. Kwa hiyo usiukimbie munyu kwa woga, upime tu ujue ni kiasi gani.

Ya mfereji nayo si maji ya aina moja. Mabomba ya mji huu hulishwa na vyanzo kadhaa: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Sabaki, Marere ya Shimba Hills, na Tiwi. Tena yana klorini. Yaweke kwenye pipa wazi siku nzima hadi mbili, uyakoroge, ndipo uyatumie.

Nije kwenye daftari. Naam, kuna haja, na kwa hali yako ya vifo vya vipindi sioni njia nyingine. Samaki wakifa mfululizo kila siku, sababu iko mbele ya macho. Wakifa wanne baada ya miezi miwili salama, sababu ilipita siku tatu au siku kumi nyuma, na kichwa cha mtu hakiwezi kuihifadhi.

Chukua daftari la kawaida la shule na kalamu ya risasi, maana wino ukiguswa na mkono wenye maji huyeyuka. Lifungie kamba karibu na tangi. Kila siku andika tarehe na saa, joto la maji, chakula kilitolewa na nani, walikulaje, na aliyekufa ni yupi. Nimesema na nani kwa sababu nyumba yenye watu wengi hulisha samaki mara mbili bila kujua, hasa mwezi wa Ramadhani ratiba inapogeuka na kila mtu yuko macho usiku. Chakula kisicholiwa huoza, na kuoza huko ndiko amonia. Mara moja kwa wiki, saa ileile, andika pH, amonia, nitriti na nitrati. Siku usiyopima andika kwamba hukupima. Usijaze namba ya kukisia ili ukurasa upendeze.

Kuhusu maji, tenga safu mbili: yaliyojaziwa na yaliyobadilishwa. Watu wengi huzichanganya. Maji yakipungua kwa joto, kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi na chokaa hubaki. Ukijazia kwa maji ya kisima, umeongeza chumvi nyingine juu ya ile. Mtu aweza kujazia miezi mitatu, aone tangi limejaa na kung'aa, kumbe maji yamekuwa mazito mno, na samaki mgeni akitiwa humo hufa siku hiyohiyo huku wenyeji wakiwa hawana habari. Halafu andika chanzo: kisima, mfereji, mkokoteni, boza, mvua.

Safu ya mwisho iwe pana kuliko zote, iandike "Mengineyo". Humo ndimo jibu lako limo, nakaribia kuapa. Stima ilipotea saa ngapi, ikarudi saa ngapi. Chujio lilioshwa lini na kwa maji gani. Samaki mpya alikuja siku gani, kutoka duka lipi. Chumba kilipuliziwa dawa ya mbu au mende.

Hilo la dawa lizingatie sana. Dawa nyingi za kupulizia ni pareto au zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, na kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa ya tangi huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji. Mtu apuliza sebule saa moja usiku, afunga mlango kama kopo linavyoagiza, na pampu yafanya kazi yake usiku kucha. Ikiwa ni lazima upulize, zima pampu, funika tangi kwa plastiki na taulo lililoloa, fungua madirisha chumba kikauke, kisha uwashe. Angalia vifo vyako vimekuja misimu gani. Mbu wakizidi baada ya mvua za masika, makopo ya dawa nayo hutoka kabatini.

Stima nayo ina hesabu yake. Ndani ya chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Wanahitaji oksijeni kama samaki. Maji yakisimama ndani ya chujio lililofungwa kwa saa nyingi, huanza kufa, na stima inaporudi uchafu wote hurushwa tangini. Ikikosekana zaidi ya saa tatu au nne, fungua chujio ulisuuze kwa maji yaliyotolewa tangini, ndipo uliwashe. Usilisuuze kamwe kwa maji ya mfereji, kwani klorini itawamaliza waliobaki, na itachukua wiki kadhaa wengine kuzaliana. Katika wiki hizo nitriti itapanda, na samaki watakufa siku ambayo hukufanya kosa lolote.

Baada ya mwezi kaa na daftari, anza na kila kifo, rudi nyuma. Wakifa wengi ndani ya saa chache, hasa usiku, tafuta sumu au ukosefu wa hewa. Wakifa mmoja mmoja kwa wiki moja au mbili baada ya samaki mpya kuingia, ni ugonjwa ulioletwa, na kwa joto letu ugonjwa wa madoa meupe huonekana mapema, ndani ya siku chache. Samaki mpya akae peke yake kwenye chombo kingine wiki tatu. Beseni kubwa na kipampu kidogo vyatosha. Wakifa wiki ya pili hadi ya nne baada ya kuosha kila kitu kwa usafi mwingi, ni bakteria uliowatupa. Hita huna haja nayo, na mtu asikuuzie.

Ukurasa wa bwawa uwe mwingine. Huko andika walivyo alfajiri, na rangi ya maji. Zamisha mkono hadi kiwiko. Ukishindwa kuona vidole vyako, kijani kimezidi, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji. Kila mwezi vua watano, wapime kwenye ndoo ya maji iliyokwisha pimwa, upate wastani. Wakiwa gramu 40, wote 18 ni gramu 720, na chakula cha asilimia 3 kwa siku ni kama gramu 22, kigawe mara mbili, jua likiwa limeshapanda. Wakiwa wadogo zaidi anza na asilimia 5. Bila uzito huo mume wako atalisha kwa huruma, na huruma ndiyo inayooza chini ya bwawa.

Kuhusu kuwahamisha samaki wa ndani, usiwachanganye na tilapia. Wadogo wataliwa, na wenye mapezi marefu watachanwa. Chagueni moja: bwawa la kitoweo, au bwawa la mapambo. La mapambo kwa maji yenu lingefaa sana guppy na molly, ambao hupenda maji mazito, na molly hustahimili munyu pia. Tena hula viluwiluwi vya mbu. Neon tetra na jamaa zake wa maji mepesi waache ndani, au wasinunuliwe kabisa. Samaki wa dhahabu huteseka na joto la Februari na Machi. Na wakizidi, wape watu wenye matangi. Usiwamwage mtoni wala kwenye vidimbwi vya mvua. Vidimbwi vya ukanda wetu vina samaki wao wadogo wenye rangi nzuri, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao hungoja ndani ya tope kavu hadi mvua irudi. Hawapatikani kila mahali duniani, nao wageni huwamaliza.

Mambo machache ya uani. Tandazeni wavu juu, kwa ajili ya kunguru, mdiria na kenge, na zaidi ya wote kwa ajili ya watoto: sentimita 80 ni kina cha kumzamisha mtoto wa miaka mitatu, basi jengeni na uzio. Kivuli cha nusu ya bwawa ni kizuri, ila kisiwe cha mwarobaini, kwani majani yake yakiloa humo hutoa viini vinavyowadhuru samaki.

Vifaranga wachukueni jioni jua likipoa. Mfuko uelee bwawani dakika 20, kisha utie maji ya bwawa kidogo kidogo kwa nusu saa, ndipo wavuliwe kwa kimia. Maji ya mfuko yamwageni nje.

Daftari si la kila siku milele. Tangi likikaa miezi mitatu amonia na nitriti zikisoma sifuri, pima mara mbili kwa mwezi. Vifo, samaki wapya, dawa na stima hivyo usiviruke hata siku moja. Ukiniandikia tena, niletee picha za kurasa za wiki nne, vipimo vya kisima kabla hakijagusa tangi, hatua ngapi toka kisima hadi choo cha karibu, na majina ya samaki ulio nao ndani. Nitajua mengi zaidi ya ninayojua leo.